Mkate Magotini kwa Bitutu

Jumamosi hiyo jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Tanzania wakati Monari alipoingia langoni kwa mama yake, akasimama mbali na kuvua kofia. Mama yake, Eucabeth Bitutu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chini ya upenu, miguu pamoja, mikono mapajani, kitambaa cheusi cha ujane kichwani. Alikuwa amefunga tangu Ijumaa magharibi. Hali, hanywi, na kuanzia saa ya kutoka kanisani hasemi. Alikuwa amemwahidi Mungu kwamba kila Sabato alasiri angekaa hivyo, ameelekea lango, mpaka jua lizame, kwa ajili ya huyu mwana.

Monari alimwamkia. Hakutumia Kikisii, lugha ya nyumbani, wala Kiswahili. Alisema maneno mawili ambayo Bitutu alikuwa ameyasikia Sabato iliyopita asiyaelewe: "Dobardan, bako." Akangoja. Bitutu hakufungua mdomo. Alimtazama tu kwa macho ya upendo, akiomba moyoni. Monari akarudia, sauti ikiwa imeshuka. Kisha akaanza kuja, na hakuja kama mtu anavyokuja kwao. Aliinua mguu, akatafuta alama ya unyayo wa mama yake kwenye vumbi, akakanyaga humo humo. Akainua wa pili, akatafuta tena. Alipofika alitoa kwapani nusu ya mkate wa dukani, akauweka magotini kwa mama yake kwa mikono miwili, bila kumgusa. Halafu akarudi kinyumenyume hadi langoni, palepale alipokanyaga, na hakumpa kisogo hata kidogo.

Kuku walikuwa wametulia chini ya ghala. Kinu cha jirani kilikuwa kimya kwa sababu mwenyewe pia ni msabato. Bitutu alibaki na mkate magotini, na ingawa jua lilikuwa bado linachoma, alihisi kana kwamba baridi inapanda mapajani kutoka kwenye ule mkate.

Bitutu hakuwa mtu wa kuogopa mambo makubwa. Yeye aliogopa madogo. Alizaliwa milimani Kisii, akasoma hadi darasa la tatu, akaolewa, na mumewe akamshusha huku Suna kwenye ardhi ya bei nafuu, wakalima wimbi na ndizi. Mume alipokufa aliendelea kuuza wimbi sokoni Migori. Wanawake wenzake walimcheka kwa vile alivyoangalia watoto. Mtoto akikohoa, yeye alikuwa ameshasikia kifua kabla ya kikohozi. Mtoto akinyamaza, aliacha wateja akaenda kumtafuta. Walisema Bitutu angeweza kusikia mbu akivuka barabara. Basi Mungu akampa, katika wana wote, mmoja wa kwenda jeshini.

Monari alikwenda akiwa kijana mcheshi, mpiga kinanda wa kanisa. Baadaye ilikuja picha yake amevaa kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, nyuma yake theluji, na habari kwamba yuko Yugoslavia, analinda amani ya Wazungu waliokuwa wakiuana. Bitutu aliitazama ile theluji akauliza kama ni unga. Mwaka wa tisini na tano Monari alirudi, ameacha jeshi, hana kovu. Watu walikuja kumpongeza kwa kurudi mzima. Bitutu peke yake ndiye aliyeona kwamba aliyeshuka na sanduku si yule aliyepanda.

Aliyaona kidogo kidogo. Monari hakukanyaga majani. Alipita kwenye lami, na lami ilipoisha alifuata nyayo za ng'ombe, akiigonga njia kwa fimbo kama kipofu. Binti yake mdogo, Nyasuguta, alipookota kopo njiani, Monari alimrukia na kumwangusha, akamlalia juu, na mtoto akakaa siku kadhaa hataki kubebwa naye. Nyumba yenye mlango wazi isiyo na mtu ndani hakuingia. Mchana alisinzia amekaa, usiku alizunguka ua. Mkewe, Filister, alihamia chumba cha watoto, na alipoulizwa na mama mkwe alijibu kwamba mume wake hajampiga, lakini analala na mtu mwingine kitandani, mtu baridi, na yeye Filister hana nafasi.

Kisha ikaja hiyo lugha. Machuki, mdogo wa marehemu mume wa Bitutu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, alimsikia Monari akiongea na kiti kitupu cha mama yake, na akasema jambo ambalo wengi walikuwa wakilifikiri. Alisema pepo limeingia, na pepo lenyewe ni la kigeni, halijui hata Kikisii, kwa hiyo hata kulifukuza kutakuwa na shida. Wazee wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Kule juu ya Kegonga kulikuwa na mwombaji mmoja aliyepokea wenye wazimu. Aliwafunga miguu kwenye magogo, akawaombea, na baadhi walirudi kwao wapole. Machuki alipanga kwamba mkutano wa kambi wa kanisa, ule wa Agosti, ukiisha, Jumapili yake wanaume watakuja na kamba.

Filister alimpelekea mumewe habari hiyo, kwa kuwa mke hawezi kuficha jambo kama hilo. Monari hakupandisha sauti. Alimwambia, "Mwambie baba mdogo, siku atakayonifunga mikono aandae majeneza mawili, moja langu."

Bitutu alipoletewa maneno hayo alikaa chini sokoni kati ya magunia yake. Alimjua mwanawe. Katika utoto wake Monari hakuwahi kusema atafanya jambo asilifanye. Kwa hiyo kati ya Juni ile na Agosti ilimlazimu Bitutu amponye mwanawe, au amzike pamoja na yeyote atakayemshika wa kwanza.

Mdogo wake Bitutu, Bathsheba, ndiye aliyeleta mwanga, au ilionekana hivyo. Bathsheba aliolewa na Mkatoliki huko Magunga, karibu na mbuga ya Ruma, akawa Mkatoliki naye, na akanenepa kwa furaha. Aliposikia kwamba Monari analala mchana na kukesha usiku na kusema ovyo, alipiga makofi akasema hayo ni malale. Kwao mbung'o wanauma ng'ombe na watu, na shemeji yake aliugua hivyo hivyo, akawa anasinzia na kijiko mdomoni na usiku anataka kuoa upya, hadi alipochomwa sindano. Bitutu alishika neno hilo kama aliyeangukia mtoni anavyoshika tete. Malale ni ugonjwa. Una jina, una mdudu, una sindano. Wakapanda lori la wachuuzi wa samaki lililokuwa likirudi tupu, yeye na mwanawe, wakaenda.

Njia ya kwenda kwa Bathsheba ilipita ukingoni mwa mbuga. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi, na ndani ya ukungu walisimama watu. Hivyo ndivyo Bitutu alivyoona kwanza. Mmoja karibu na mti wa mgunga, wengine mbali zaidi, wamevaa nguo za buluu na nyeusi, hawana vichwa, hawasogei. Bathsheba aliyekuja kuwapokea alisema ni mitego ya mbung'o, vitambaa tu vilivyotundikwa na serikali, maana mbung'o hupenda rangi hiyo. Akamtania dada yake kwamba yeye akiishi huku atawapikia chai hao wageni. Lakini Monari alikuwa amesimama. Alivua kofia, akakielekea kitambaa kile cha karibu, akasema maneno yake. "Dobardan, bako." Upepo ukapita na kitambaa kikainama upande mmoja, polepole, kama kichwa cha mtu mzima kinavyoitikia salamu. Monari alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu arudi, na Bitutu aliona afadhali asingeona.

Kwenye kituo cha afya cha Magunga walimkuta tabibu, mwanamke kijana kutoka upande wa Garissa aitwaye Sainab, ushungi umefungwa vizuri, ambaye watu wote walimwita daktari. Alimchoma Monari kidole, akachukua damu, akamshika shingo kutafuta tezi, akamuuliza kuhusu homa. Baada ya kukaa na darubini alisema malale hamna. Bitutu alimwomba atafute tena, vizuri, labda mdudu amejificha. Alisema hivyo huku machozi yakimlenga, kama muuzaji anayembembeleza mteja anayeondoka. Sainab alitafuta tena kwa heshima. Hamna.

Kisha akamuuliza Monari mwenyewe, kwa nini fimbo?

Monari aliilaza fimbo mapajani. Akasema kule alikokuwa walitega mabomu chini ya majani.

"Mimi nilikulia mahali ambapo wanajeshi walikuwa wakipita," Sainab alisema. "Nawajua kwa miguu yao. Ulipoingia hapa nilijua."

Alimgeukia Bitutu akamweleza kwa maneno rahisi. Alisema mwili wa mwanawe umerudi, lakini kichwa hakijaambiwa kwamba vita vimekwisha. Kinamlinda bado, usiku na mchana, kama mbwa ambaye mwenyewe amehama akamsahau kwenye mnyororo. Si pepo wala si laana. Ni ugonjwa unaowapata watu waliokuwa wazima kabisa. Hapo kituoni hakukuwa na daktari wa akili. Alikuja mmoja mara chache hospitalini Homa Bay, na Sainab angemuuliza. Lakini hata hapa wangeweza kuanza.

Wakaanza. Monari alipewa vidonge vidogo vya kumeza magharibi. Alikatazwa kulala mchana hata kama macho yanafumba. Kila siku ya soko alikuja kukaa kwenye benchi la ukumbini, viatu vimevuliwa, nyayo zote mbili sakafuni, akasimulia kidogo kuhusu kule, na Sainab alisikiliza huku akifunga dawa za watu wengine kwenye vikaratasi. Monari alipoanza kupotea, macho yakawa ya kioo, Sainab hakumtikisa. Alimuuliza tu, uko wapi, unasikia nini, na Monari alilazimika kujibu: nasikia mtoto analia, nasikia punda, nasikia mama fulani anagombana na mwenye dirisha la dawa. Kelele zilimrudisha. Sainab alimwambia na Bitutu pia, akimwona hajui alipo, asinyamaze, amsemeshe.

Bitutu aliyasikia hayo akayakubali yote. Lakini nadhiri yake kwa Mungu hakuihesabu humo. Hiyo ilikuwa dawa nyingine, ya juu zaidi.

Walikaa kwa Bathsheba hadi mvua ndogo za Julai zikapita. Monari alianza kulala. Alikula. Siku moja alimsaidia shemeji wa Bathsheba kukamua. Mkate hakuuleta hata mara moja. Bitutu alitaka kuendelea na kimya chake cha Sabato, lakini kwa Bathsheba haikuwezekana. Watoto, redio, majirani, na Bathsheba mwenyewe aliyemwambia kwamba katika boma lake mtu anayenyamaza anaulizwa kama amemezwa na fisi. Bitutu akaomba tu moyoni, akimenya mihogo, na dhamira ikamsuta kwamba anamwibia Mungu.

Wakarudi Suna kwa ajili ya kambi, Monari akiwa na vidonge mfukoni. Bitutu alikuwa na furaha ya woga, ile ya mtu aliyebeba mayai. Sabato ya mwisho ya kambi alikwenda asubuhi, na mchana akawaacha wenzake wakiimba akarudi nyumbani, kwa sababu alikuwa na deni la Sabato zote za Magunga. Safari hii aliongeza. Aliamua asisogeze hata mkono. Alikaa kwenye kiti, miguu pamoja, kitambaa cheusi kichwani, uso langoni. Filister na mtoto walikuwa bado kambini. Mji mzima wa Suna ulionekana kama umehama. Hakuna jembe, hakuna kinu, milango imefungwa, na mmoja, wa jikoni kwake, umeachwa wazi.

Monari aliingia langoni akasimama.

Alimwamkia. Akangoja. Akamwamkia tena, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeomba msamaha kwa kosa asilolijua. Bitutu aliomba kwa nguvu zake zote, bila kupepesa macho. Mwanawe alikuja kwa zile hatua zake, akapiga magoti, akamtazama usoni kwa karibu, karibu sana hata Bitutu akasikia harufu ya vidonge kwenye pumzi yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Kisha akachukua leso ya mama yake kutoka mabegani, akaitandaza taratibu, akamfunika uso.

Ndani ya leso kulikuwa na mwanga mwekundu. Bitutu alisikia hatua zikiondoka. Alisikia mlango wa ghala. Halafu, upande wa migomba, akasikia jembe likiingia ardhini, likitoka, likiingia. Hakuna mtu anayelima siku ya Sabato. Alijaribu kukumbuka ahadi yake, na hakuweza kukumbuka hata sala moja. Alikaa hivyo amefunikwa, akisikiliza udongo ukitupwa juu ya udongo, na polepole akaanza kujiuliza kama bado anapumua. Alingoja asikie pumzi yake mwenyewe, yeye aliyesikia vifua vya watu wote, na kwa muda fulani hakuisikia.

Sauti ya Machuki ndiyo iliyomfunua. Alikuja kumuuliza kwa nini ametoka kambini. Alimkuta shemeji yake amefunikwa uso kama maiti, na nyuma ya nyumba, kwenye migomba, Monari yuko ndani ya shimo hadi kifuani. Shimo lilikuwa refu, jembamba, lenye kingo zilizonyooka. Hata mtoto mdogo angejua ni shimo la nini.

Machuki alirudi nyuma hatua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake haikuwa ya kawaida, "Mama Monari, shimo hilo ni la kimo chako." Akamwambia alale kwake usiku huo. Na kesho, Jumapili, wanaume wanakuja. Hakuna tena la kuongea.

Bitutu hakulala kwa Machuki. Mapambazuko yalimkuta kwenye lori la kwenda Magunga, Monari kando yake amelala usingizi mzito, udongo bado kwenye kucha. Kituo kilikuwa kimefungwa, lakini Sainab aliishi nyumba ya nyuma, na alitoka na kikombe cha chai mkononi. Alipomwona Bitutu alimpa kile kikombe. Akawaketisha kwenye benchi lile lile, akamwambia Monari avue viatu, na akamuuliza alichokuwa akichimba.

Monari alisimulia, na safari hii hakuacha katikati.

Kule kulikuwa na kijiji ambacho watu wote walikuwa wamekikimbia. Nyumba wazi, meza zina sahani, mbwa wamekuwa wa porini. Alibaki bibi mmoja mzee, amevaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi, anakaa kwenye kiti mlangoni kwake akiitazama barabara. Walinda amani walikatazwa kutoka kwenye lami. Lakini Monari ni mtoto aliyelelewa. Hawezi kumpita mzee bila salamu. Alijifunza maneno ya kwao, habari ya mchana, bibi, na kila walipopita alimwamkia, na bibi aliinua mkono. Baadaye alianza kumpelekea mkate, akikanyaga kwenye nyayo za bibi mwenyewe ili asilipuke. Bibi aliupokea, akasema maneno mengi asiyoyaelewa, yalifanana na ya nyanya yeyote.

Kisha baridi ikaingia. Siku moja alimwamkia, bibi hakujibu.

"Nilifikiri amenikasirikia," Monari alisema. "Kwetu mzee asipoitikia salamu yako, umemkosea. Nikamwekea mkate magotini. Kesho yake nikamwamkia, akaninyamazia. Nikaweka mwingine. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nampigia magoti, daktari, kila tulipopita. Halafu siku moja nikaona mikate yote iko palepale, imeota barafu. Na macho yake yameota barafu. Alikuwa amekufa siku zote hizo, na mimi namsalimia. Nikaomba tumzike. Wakasema si kazi yetu, na ardhi ina mabomu. Tukahamishwa. Yuko pale bado. Anatazama barabara."

Kisha akaongeza kwamba hapa Magunga hamwoni sana. Lakini nyumbani Suna, siku ya Sabato, kila kitu kikihama, anamkuta amekaa mlangoni kwa mama. Jana aliamua kwamba hatamwacha tena bila kaburi.

Bitutu alikuwa ameshika kikombe asinywe. Aliona kiti chake, aliona kitambaa chake, aliona Sabato zote alizokaa kama gogo akimtazama mwanawe akiomba kuitikiwa. Yeye, ambaye hakuwahi kumwacha mtoto alie bila kumjibu.

"Ni mimi," alisema. "Huyo bibi ni mimi."

Sainab hakumlaumu. "Nadhiri ni yako na Mungu wako, mama, mimi siwezi kuivunja," alisema. "Nakuambia tu mgonjwa anaona nini." Akaongeza kwamba vidonge visiachwe hata siku moja, na kwamba simulizi hii Monari ataisimulia tena siku ya soko, na tena, mpaka iwe habari iliyopita.

Walipofika nyumbani Suna jua lilikuwa juu bado. Wanaume wanne walikuwa wameketi kwenye nyasi karibu na migomba, na Machuki kati yao, kamba ya katani imekunjwa kando yake. Filister alisimama mlangoni amemshika Nyasuguta mbele yake kwa mabega. Bitutu alimwambia Monari angoje langoni kidogo. Akapita peke yake, akaenda kwenye kile kiti, akaketi.

Machuki akainuka. Bitutu alimwomba, kwa jina la kaka yake aliyekufa, akae kwanza. Alikaa, labda kwa mshangao tu.

Katika ukoo ule mtoto ndiye huanza kusalimu. Mzazi hamkimbilii mwana kwa salamu. Mama mkwe wa Bitutu angeinuka kaburini kwa aibu. Monari alikuwa ameshavua kofia. Midomo ilikuwa imeanza kujiandaa kwa maneno ya kule. Nyuma yake kijana mmoja wa Machuki alikuwa anasogea kando ya ua, taratibu, mikono mbele, na mabega ya Monari yakabadilika, yakawa ya askari.

"Monari, baba yangu, umeshindaje?" Bitutu aliita kwa Kikisii, kwa sauti ya sokoni.

Monari aliganda.

"Nakusalimu mimi, mama yako. Niko hai. Njaa inaniuma, tumbo linalia kama chura, na mgongo huu tangu jana unaniuma kwa kukaa kijinga. Na wewe kijana hapo kwenye ua, kaa chini, unaniharibia mboga." Kijana akakaa chini. "Monari, wimbi limepanda bei. Ng'ombe wa jirani amezaa, ndama ana paji jeupe. Filister amekonda, mtazame. Unanisikia? Nijibu, mwanangu."

Aliendelea. Hakujua anasema nini. Alisema habari za kisima, za jino lake, za mchungaji aliyesinzia kambini. Monari alimtazama mdomo, jinsi ulivyokuwa ukienda. Hakutafuta nyayo za mtu. Alikuja tu, kwa hatua za mtu aliyechoka, akainama, akamgusa mama yake mkononi, kwenye ngozi.

"Una joto," alisema kwa Kikisii. Kisha, "Nimeshinda salama, mama."

Machuki alikohoa. Alisema kwamba yeye hakuelewa alichokiona, lakini pepo la kigeni halijibu Kikisii safi namna hiyo. Hata hivyo shimo lilibaki. Hilo hata mzee wa kanisa hawezi kulinyamazia. Kaburi likishachimbwa katika boma haliachwi tupu, wala halifukiwi tupu, maana litaita mtu. Alimuuliza Monari, mara ya kwanza kumwuliza badala ya kumwambia, lilikuwa la nani.

Monari alimweleza kwa kifupi, amesimama, akitazama mikono yake. Filister alilia. Wanaume waliotumwa kumfunga walisikiliza, na mmoja akafuta uso kwa kofia.

Machuki akakata mgomba uliokwisha zaa, shina lake lenye urefu wa mtu, kama wafanyavyo watu wa pande hizi mwili usipopatikana. Wakaulaza shimoni. Bitutu akaingia ndani akatoka na mkate, akampa Monari, naye akauweka juu ya shina mahali ambapo magoti yangekuwa. Machuki alifungua mdomo kuomba, akasita, akauliza jina la marehemu.

"Silijui," Monari alisema. "Nilikuwa namwita bibi tu."

"Basi tutasema bibi," Machuki alisema, akafumba macho.

Walifukia pamoja. Bitutu hakuacha kuongea hata walipokuwa wanafukia, ingawa msibani watu hunyamaza. Aliongea mpaka koo likakauka, akimtazama mwanawe akishindilia udongo kwa miguu mitupu. Siku ya soko Monari alikuwa kwenye benchi la Magunga, wa kwanza kwenye mstari, na vidonge vyake vilikuwa vimepungua kama inavyotakiwa.